Windows 10 yafika mwisho, Mbale yapima: kuhama sasa au kungoja?

MBALE, Uganda – Kompyuta ya duka la fotokopi ikiwaka asubuhi na printa ikatoa karatasi, mwenye duka huona hana la kuuliza. Lakini tangu Oktoba 14, 2025, kuwaka peke yake hakutoshi. Siku hiyo kampuni ya Microsoft ya Marekani ilisitisha msaada wa bure kwa Windows 10, mfumo endeshi uliotoka Julai 2015 na ambao bado uko kwenye kompyuta nyingi za maofisi na maduka ya Afrika Mashariki.

Mashine hizo hazikuzimika, ila mianya mipya ya usalama itakayogunduliwa haitazibwa tena bila mpango maalumu.

Katika Divisheni ya Industrial, moja ya divisheni mbili za Jiji la Mbale, jambo hili linagusa mkate wa watu. Tangu Januari 2021, wafanyabiashara waliosajiliwa kwa VAT nchini Uganda wanatakiwa kutoa ankara za kielektroniki kupitia EFRIS, mfumo wa Mamlaka ya Mapato, URA. Mizigo inayoingia kupitia Malaba na Busia hutolewa hati kwa kompyuta, na chini ya utaratibu wa Himaya Moja ya Forodha ulioanza 2014, bidhaa za Uganda hulipiwa ushuru kabla hazijaondoka Mombasa. Vyama vya akiba na mikopo navyo huweka madaftari ya wanachama humo humo. Kompyuta ikigoma siku mbili, kazi yote husimama.

Ndiyo maana uamuzi wa kupandisha mfumo, na wakati wa kuupandisha, si wa kuachiwa fundi peke yake.

Si kila mashine inakubali

Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, ina masharti: RAM ya GB 4 au zaidi, nafasi ya GB 64, chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na prosesa iliyo kwenye orodha ya Microsoft. Kwa Intel, orodha hiyo huanzia kizazi cha nane, kilichoingia sokoni mwishoni mwa 2017. Kwa hiyo kompyuta nyingi za mtumba zilizotengenezwa kabla ya hapo hazikidhi masharti, hata kama bado zina nguvu.

Kabla ya kukata tamaa, inafaa kukagua. Katika mashine kadhaa chipu hiyo ipo ila imezimwa kwenye mipangilio ya BIOS, na fundi huiwasha kwa dakika chache. Zipo pia njia za kulazimisha Windows 11 iingie kwenye mashine isiyokidhi masharti, lakini Microsoft haitoi hakikisho kwamba mashine hiyo itaendelea kupata masasisho.

Haraka ina hasara zake

Wanaosema “ngoja wengine watangulie” wana ushahidi. Oktoba 2018, Microsoft ililazimika kusimamisha usambazaji wa toleo jipya la Windows 10 siku chache tu baada ya kulitoa, kwa sababu lilifuta mafaili ya baadhi ya watumiaji. Hata watengenezaji wa Ubuntu, mfumo wa bure wa familia ya Linux, hawawahimizi watumiaji wa toleo la muda mrefu kuhamia jipya siku linapotoka. Kwa kawaida ujumbe wa kuwaalika huja miezi michache baadaye, marekebisho ya kwanza yakishatoka.

Mbale ina sababu zake pia. Faili la kusimika Windows 11 ni GB kadhaa, na tangu Julai 2021 bando la intaneti Uganda hutozwa ushuru wa asilimia 12. Umeme ukikatika katikati ya kazi, kompyuta ya mezani isiyo na betri inaweza kukataa kuwaka kabisa. Printa na skana za zamani nazo huenda zisipate programu za kuziunganisha na mfumo mpya.

Kuchelewa nako kuna bei

Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba mwanya hatari katika Windows. Miezi miwili baadaye, Mei 12, kirusi cha WannaCry kikapitia mwanya huo huo, kikafunga mafaili ya kompyuta katika nchi zaidi ya 150 na kudai fidia. Hospitali za Uingereza zililazimika kuahirisha matibabu. Waliodhurika ni wale ambao hawakuwa wameweka kiraka.

Hapo ndipo watu wengi huchanganya mambo mawili. Kiraka cha usalama ni cha kuwekwa mapema. Toleo jipya la mfumo linaweza kusubiri, mradi lile la zamani bado linapata viraka. Anayebaki kwenye Windows 10 bila viraka hana tena nafasi hiyo ya kusubiri.

Sheria nayo inabana. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya Uganda ya 2019 inamtaka anayetunza taarifa za watu azilinde ipasavyo. SACCO yenye namba za vitambulisho na akaunti za wanachama inahusika moja kwa moja.

Njia zilizopo

Kwa mashine isiyokidhi masharti, Microsoft ilitangaza mpango wa viraka vya nyongeza kwa watumiaji binafsi hadi Oktoba 13, 2026, kwa dola 30, au bila malipo kwa anayehifadhi mipangilio yake kwenye akaunti ya Microsoft. Kwa makampuni bei ni dola 61 kwa kila kompyuta mwaka wa kwanza, na huongezeka maradufu kila mwaka. Linux nayo ni ya bure na huishi vizuri kwenye mashine za zamani. Tovuti hufunguka humo kwa kivinjari, lakini fomu za Excel zenye makro na programu za uhasibu zijaribiwe kwanza.

Kwa mashine inayokidhi masharti, kuhama ni bora kuliko kubaki, ila kwa mpangilio. Mafaili yanakiliwe kwenye diski ya nje, na nakala ifunguliwe kuthibitisha kwamba inasomeka. Ianze kompyuta moja, ijaribiwe na EFRIS, printa na programu ya hesabu. Windows hutoa siku 10 za kurudi kwenye mfumo wa awali, hivyo majaribio yafanyike ndani ya muda huo.

Siku nayo ichaguliwe. Ritani za VAT Uganda mwisho wake ni tarehe 15 ya mwezi unaofuata, na kwa Kenya na Tanzania ni tarehe 20. Mwenye ofisi inayohudumia wateja wa pande zote mbili za mpaka ana nafasi nzuri baada ya tarehe hizo kupita, mwishoni mwa juma, wakati foleni dukani ni fupi.