NGOMA IKINYAMAZA, MPIGA GITA ANAKULA NINI?



Juma lililopita tulifanya mkutano juu ya sikukuu ya wafinalisti. Mmoja wetu akasimama akasema: «Tusipoteze feza kwa wapiga muziki. Bafle iko, flashi iko, inatosha.» Karibu wote wakapiga makofi. Mimi nilinyamaza. Nilikuwa ninamufikiri mjomba wangu, na maneno yalinikosa mbele ya watu. Sasa nimeyapata, basi ninaandika.

1. Mambo ya mwaka 2020

Korona ilionekana mara ya kwanza katika inchi yetu tarehe 10 Machi 2020, kule Kinshasa. Tarehe 18 Prezida akatangaza amri: masomo yafungwe, ibada zisimame, mabare na restora zifungwe, mikutano ya watu zaidi ya 20 ikatazwe. Hata kilio kilikatazwa: maiti ilipaswa kupelekwa moja kwa moja kwenye makaburi, na watu wachache tu. Tarehe 24 akatangaza hali ya hatari katika inchi yote, na hali hiyo iliendelea mpaka mwezi wa Julai.

Sisemi kama amri zile zilikuwa mbaya. Kuimba kunasukuma pumzi kwa nguvu, na ugonjwa ulisafiri ndani ya pumzi. Tarehe ile ile ya 10 Machi 2020, katika jimbo la Washington kule Marekani, watu 61 wa korali moja walikutana kujizoeza nyimbo. Katika wao 53 walionekana kuwa na ugonjwa, na wawili wakafa. Basi kufunga kulikuwa na maana. Lakini aliyefunga mlango hakuuliza mwimbaji atakula nini nje ya mlango.

2. Kwa nini wao waliumia mbele ya wengine

Mjomba wangu alikuwa mpiga gita hapa Kamina. Alipiga kwa ndoa, kwa kilio, na jioni katika bare karibu na gare. Mimi nilikuwa bado mtoto wa primeri. Hesabu yake ilikuwa rahisi: amepiga leo, amelipwa leo, watoto wamekula kesho. Tazama sasa ile amri: ndoa hakuna, kilio hakuna, bare hakuna. Milango yake yote mitatu ilifungwa siku moja.

Mwenye duka aliweza kuuza chumvi kwa dirisha. Mlimaji aliendelea kulima. Mwalimu alingojea mshahara, hata kama ulichelewa. Lakini kazi ya mpiga gita ni kukusanya watu, na kukusanya watu ndiko kulikokatazwa. Tena hana mkataba, hana akiba, hana bwana wa kazi wa kumulilia. Kule miji mikubwa waimbaji wenye jina waliimba kwa intaneti. Huku kwetu umeme ni wa shida na megabaiti ni bei.

Mwezi wa pili mjomba aliuzisha gita, akanunua unga. Kisha akaenda mugini kulima mihogo. Milango ilipofunguliwa alirudi kutafuta kazi, lakini mpiga gita bila gita ni nani? Alirudi kwenye shamba, na mpaka leo ni kule.

Jambo moja linaniuma. Siku zile za kufungwa, sisi nyumbani tulisikiliza nyimbo zake kila magaribi katika telefone ya baba. Zilitufariji sana. Lakini hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza: «Mjomba amekula?»

Maneno haya si mapya. Someni Nehemia, sura ya 12 na ya 13. Watu walipotoa sehemu ya kila siku kwa waimbaji, nyumba ya Mungu ilikuwa na furaha. Nehemia alipokuwa mbali waliacha kutoa, na waimbaji wakakimbia, kila mtu kwenye shamba lake. Nehemia aliporudi hakuwagombeza waimbaji. Aliwagombeza wakubwa.

3. Kazi ya wasanii ni mchezo?

Wengine wanasema muziki ni mchezo, si kazi. Ninawajibu kwa mambo ya hapa kwetu.

Wakubwa wa zamani wa Kiluba hawakuandika historia katika vitabu. Walikuwa na lukasa, ubao wenye shanga na makombe. Mtu aliyefundishwa aligusa shanga kwa kidole na kusimulia habari za wafalme, safari na mipaka. Yule alikuwa fundi wa kumbukumbu. Kama angekosa chakula akakimbia, ubao ungebaki mti tu.

Tena, mwaka 1958 hapa Kamina wana wa masomo karibu 45, wa myaka 9 mpaka 14, na walimu 15, waliimba Missa Luba pamoja na padri Guido Haazen. Ilikuwa misioni ya Wakatolika, lakini sauti zilikuwa za kwetu. Kyrie yake ilishika namna ya kasala, wimbo wa kilio ambao wazee wetu wanaujua. Mwaka ule ule walisafiri Ulaya na kuimba katika maonyesho makubwa ya Bruxelles. Watu wengi wa mbali walisikia jina la Kamina kwa ajili ya nyimbo.

Na korona haikuchukua feza tu, ilichukua watu. Manu Dibango wa Kameruni, aliyepiga saksofone zamani pamoja na African Jazz ya Grand Kallé, alikufa na ugonjwa huu kule Ufaransa tarehe 24 Machi 2020. Mwaka uliofuata, mwezi wa Desemba, UNESCO iliandika rumba ya Kongo katika mali ya urizi wa dunia. Tulifurahi sana. Lakini urizi hauishi kwa kuandikwa. Unaishi kama mpigaji anakula.

4. Basi tufanye nini?

Sheria iko: ile ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda mtungaji maisha yake yote na myaka 50 nyuma ya kifo chake. Lakini sheria ya Kinshasa haifiki haraka kwenye sufuria ya Kamina. Sisi tunaweza kuanza na madogo:

a) Tukimwita mpigaji, tupatane bei mbele, na tumupe nusu siku ya kupatana. Tusimwambie «utakula pamoja nasi» kana kwamba hayo ni malipo.

b) Korali ikija kutuimbia, tulipe angalau safari na chakula.

c) Tukiweka wimbo wa mtu katika flashi, tujue jina lake, tulitaje.

d) Ugonjwa ukirudi ao masomo yakifungwa tena, tuwahesabu wapigaji pamoja na wajane na wagonjwa wakati wa kugawanya msaada.

Mtaniambia: feza ni kidogo, na mtihani wa Serikali unatungojea na garama zake. Ni kweli. Lakini bafle pia inakodishwa, na groupe inakunywa mafuta. Ninaomba kitu kimoja: bafle ipige nusu ya sikukuu, na nusu nyingine tumwite mpiga gita wa hapa Kamina, tumulipe mkononi, mbele ya watu wote.

Posho tutapiga kura juu ya jambo hili. Safari hii sitanyamaza. Na mjomba akipata gita la kukopa, nitamwandikia barua aje.

Mkubwa wa wanafunzi,
finalisti