Rangi ya Makamasi na Ugonjwa wa Mishipa

Je, wajua kwa nini makamasi ya mafua mazito huwa ya kijani? Wengi husema ni uchafu. Ni rangi ya kimeng'enya chenye chuma ndani yake, mieloperoksidasi, kilichomo tele katika chembe nyeupe za damu. Kjell Agner wa Sweden alikitenga mwaka 1941, akakiita verdoperoksidasi kwa ukijani wake.

Kazi yake inashangaza. Huchukua hidrojeni peroksaidi na chumvi iliyomo damuni, kikatengeneza asidi ya haipoklorasi, ndugu wa ile jiki tunayofulia mashuka. Bakteria humwagiwa hiyo wakafa. Lakini jiki haijui shuka wala khanga. Ikivuja katika ukuta wa mshipa wa damu, huunguza protini za mwenye mwili. Asidi-amino iitwayo tirosini hubandikwa klorini. Nyingine kimeng'enya huinyang'anya elektroni moja tu, ikabaki radikali huru inayohangaika kutafuta mwenzake. Zikikutana mbili hushikana zikawa daitirosini, pingu isiyofunguka. Pingu hiyohiyo ndiyo inayolipa bawa la nzige mnyumbuko wake! Kwa nzige ni neema. Mshipani ni alama ya ajali.

Mwaka 1997 Stanley Hazen na Jay Heinecke, wakiwa St. Louis, Marekani, walipima kolesteroli ya LDL iliyotolewa katika mishipa yenye ugonjwa. Tirosini yenye klorini ilikuwa mara 30 ya ile ya LDL inayozunguka damuni. Na klorini hiyo hawezi kuibandika mwingine mwilini ila mieloperoksidasi.

Ndiyo maana nakereka na wanaonadi vidonge vya “kuua radikali huru” kwenye mabasi. Vitamini E, mojawapo ya vinavyonadiwa hivyo, hukaa kwenye mafuta, ilhali jiki hupiga protini moja kwa moja. Utafiti wa HOPE, uliotoa majibu mwaka 2000, uliwapa vitamini E au kidonge kitupu wagonjwa zaidi ya 9,000 kwa takriban miaka minne na nusu. Mshtuko wa moyo haukupungua, kiharusi hakikupungua, wala vifo.

Kimeng'enya chenyewe kina manufaa: kupimwa damuni kwa wenye maumivu ya kifua, kutambulisha aina za saratani ya damu, na mengineyo ya maabara.

Ukinadiwa chupa ya kusafisha mishipa, usiinunue. Nauli ya kwenda zahanati kupima shinikizo la damu ni rahisi kuliko hiyo chupa.