Ndege Mdogo wa Milima ya Andes

Wasomaji wetu, leo twataka kuwapa habari za ndege mmoja akaaye katika milima mirefu ya Andes, huko Amerika ya Kusini. Yeye ni wa jamii kubwa ya ndege walao wadudu, ambao aina zao zapita 400, nao hawaonekani ila Amerika tu. Wataalamu waliwaita "majabari," kwa kuwa baadhi yao ni wakali, hata humfukuza mwewe. Lakini huyu wetu ni jabari kwa jina tu: urefu wake wapata sentimita 13, tangu mdomo hata mkia.

Mgongo wake ni wa rangi ya majivu wenye michirizi myeusi, na kifua chake ni cha majivu pia. Tumbo ni jeupe, na kwa wengine lina umanjano hafifu. Kila bawa lina mistari miwili myeupe. Kichwani ana kishungi kirefu cheusi kilichogawanyika mara mbili, mfano wa pembe. Huenda wawili wawili, akirukaruka upesi kutoka tawi hata tawi na kudonoa wadudu majanini.

Makao yake ni Peru na Bolivia, mahali palipoinuka mita 3,700 hata zaidi ya 4,000, penye baridi kali. Huko miti mingi haiwezi kuota, ila mmoja uitwao queuña: mfupi, umepindapinda, na gome lake jekundu labambuka kama karatasi. Ndege huyu hupenda misitu hiyo tu. Msitu ukiisha, naye hana pa kwenda.

Nayo misitu imekwisha sana. Watu wameikata kwa kuni na makaa, wamechoma nyasi wapate malisho, na mifugo hula miche michanga. Ndege waliosalia wadhaniwa hawafiki elfu moja. Lakini tusimlaumu upesi mama wa huko. Watoto wanatetemeka kwa baridi, na chungu kinangoja moto. Afanyeje?

Mwaka 2000 Constantino Aucca Chutas, mwenyeji wa Peru, alianzisha chama kiitwacho ECOAN. Hakuanza kwa kuwakataza watu, bali alikaa nao na kusikiliza shida zao. Nyumba nyingine zilipewa majiko yasiyokula kuni nyingi. Kisha vijiji vilipanda miti pamoja, kwa desturi yao ya kale ya kusaidiana iitwayo ayni, wanaume, wanawake na watoto wakibeba miche mgongoni kupanda mlimani. Hata mwaka 2022, Umoja wa Mataifa ulipomtunukia Aucca heshima, miti iliyopandwa ilikuwa imepita milioni 3.

Faida si ya ndege peke yake. Misitu hiyo hunasa ukungu na kuhifadhi maji, nayo mito ya chini hupata kutiririka. Basi, wahenga walisema kweli: kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Watu wale wamekusanya nguvu zao kama vinga, ila kwa kupanda miti, si kwa kuichoma.