Mtoto Asiyeonekana Darasani: Kazi ya Afisa Ustawi

 Leo tuitazame Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 ikifanya kazi kwenye nyanda za juu za Buha, wilayani Kibondo na Kasulu mkoani Kigoma.

Mwanafunzi akikosa masomo wiki mbili, mwalimu wa darasa huandika utoro na kumwita mzazi. Mzazi asipotokea, mwalimu amefika mwisho wa uwezo wake, maana ana vipindi na madaftari ya kusahihisha. Hapo sasa ni zamu ya afisa ustawi wa jamii. Kifungu cha 95 cha sheria hiyo kinamtaka kila mwanajamii anayejua kuwa haki ya mtoto inavunjwa atoe taarifa kwa serikali ya mitaa ya eneo lake. Afisa ustawi anaweza kumwita anayelalamikiwa, wakazungumza, kisha akaamua kwa kutanguliza maslahi ya mtoto. Anayelalamikiwa akikaidi uamuzi huo, shauri huenda mahakamani. Wazazi wengi hawalijui hili. Humdhania afisa huyu kuwa mgawaji wa misaada tu.

Nguvu ya sheria, hata hivyo, ni nusu ya kazi. Mvua za kwanza zikishuka, mahindi na maharage hudai mikono, na mtoto huitwa shambani. Mwingine anamuuguza bibi anayemlea. Kumchapa mtoto viboko hakumwinui bibi kitandani! Lazima mtu afike nyumbani, akae, asikilize, atafute ndugu wa kushika zamu.

Kabanga, wilayani Kasulu, inatufundisha zaidi. Mauaji ya watu wenye ualbino yalipotisha nchi miaka ya 2008 na 2009, watoto wenye ualbino walikusanywa katika shule ya pale ili walindwe. Uhai wao ulilindwa, lakini kuna waliokaa miaka wakiwa mbali na wazazi. Ukuta na mlinzi haviwezi kumrudishia mtoto jamaa zake. Inahitajika kazi ya subira ya kuitafuta familia, kuiandaa, na kupima kama kijiji ni salama.

Kisha kuna wasichana waliokatishwa masomo kwa ujauzito. Novemba 2021, Joyce Ndalichako, wakati huo mbunge wa Kasulu Mjini na Waziri wa Elimu, alitangaza kuwa wanaruhusiwa kurudi shuleni. Ulikuwa uamuzi wa haki. Ila ruhusa haimlei mtoto mchanga mama yake anapokuwa darasani. Nani atamshika? Baba wa msichana atalainika vipi? Maswali hayo hujibiwa sebuleni, afisa ustawi akiwa katikati ya familia.

Waheshimiwa madiwani wa Kasulu na Kibondo, mnapopitisha bajeti, mpeni afisa huyu pikipiki na mafuta, maana vijiji vya huku vimetawanyika na mvua huharibu barabara. Nanyi walimu wakuu, msisubiri jina la mtoto lifutwe kwenye rejesta. Mwambieni mtendaji wa kijiji mapema, au pigeni 116, namba ya bure ya msaada kwa mtoto.