Buli la kioo kwenye uwanda wa Luano (Sehemu ya pili)

Makala ya wiki iliyopita yalihusu majani ya chai yenyewe. Leo tunafika kwenye chombo. Buli la kioo limeanza kuwa zawadi ya harusi, na anayelinunua huongozwa na macho: umbo la mviringo, mkono uliopinda vizuri, rangi ya chai inayong'aa mbele ya wageni. Sina ugomvi na uzuri. Lakini kioo hakiongezi ladha hata kidogo. Kinachouzwa ni nafasi ya kuona chai ikiiva, na kuona huko kuna faida pale tu unapoweza kuyatoa majani saa ileile uliporidhika na rangi. Ndiyo maana nashikilia kwamba kitu cha kukagua kwanza katika buli la kioo ni chujio lake, kisha aina ya kioo, na umbo liwe la mwisho. Asiyeweza kuyatoa majani ataishia kuitazama chai yake ikichachuka na kuwa chungu, akiwa na mwonekano safi kabisa wa tukio hilo.

Tuanze na joto, kwa sababu hapa mahali tulipo pana neno lake. Uwanja wa ndege wa Luano, hapa Lubumbashi, uko mita 1,309 juu ya usawa wa bahari. Kwenye kimo hicho hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam au Mombasa, na maji huchemka yanapofika karibu digrii 96, si 100. Katika chombo kisicho na mgandamizo hakuna moto wa kuyapandisha zaidi: ukijaza makaa kwenye mbabula utapata mvuke mwingi, lakini joto la maji litabaki palepale. Digrii hizo nne zimetoweka kabla majani hayajaguswa, na buli nalo lina fungu lake la kudai. Chukua lita 1 ya maji yanayochemka, uyamimine katika buli la kioo chembamba la gramu 500 lililokuwa kabatini kwenye digrii 20. Gramu moja ya kioo huhitaji takriban moja ya tano tu ya joto ambalo gramu ya maji huhitaji ili kupanda digrii moja. Ukipiga hesabu, maji na buli hukutana karibu na digrii 89. Sasa weka mahali pake buli la udongo la kilo 1: hukutana karibu na 83. Chai nyeusi hutaka maji ya moto sana, kwa hiyo tofauti ya digrii sita si jambo la kupuuza.

Hapo msomaji mwenye buli la kauri la bibi yake atanipinga, na ana haki. Atasema kauri nene hutunza joto, na kwamba waonjaji wa chai duniani kote hutumia kauri. Yote mawili ni kweli. Kanuni ya kimataifa ISO 3103, iliyotolewa mwaka 1980, inaagiza chai ya kuonjwa iandaliwe katika chombo cha kauri, gramu 2 za majani kwa kila mililita 100 za maji, kwa dakika 6. Lakini mwonjaji anatafuta kasoro za chai. Anaikamua makusudi, kisha anaimimina katika bakuli jeupe ili aione. Mwenye nyumba anatafuta kikombe kizuri, na dakika 6 kwa majani ya saga yanayouzwa kwetu ni nyingi mno. Kuhusu kutunza joto, kioo na kauri havipishani sana katika kupitisha moto. Kinachovitofautisha ni unene. Kauri nene hunyang'anya joto jingi mwanzoni, kisha hulitunza lililobaki. Kioo chembamba huchukua kidogo, kisha hupoa haraka. Kwa chai itakayonyweka yote ndani ya robo saa, naona kioo kinashinda. Kwa mzee anayekaa na buli lake asubuhi nzima, abaki na kauri. Na vyovyote iwavyo, suuza buli kwa maji ya moto kabla ya kuweka majani. Asubuhi za Juni na Julai, baridi ya Lubumbashi inapouma kwelikweli, kusuuza huko kunaokoa digrii nyingi kuliko aina yoyote ya chombo.

Sasa chujio. Majani mengi yanayofika sokoni kwetu, yawe ya Kenya, ya Malawi au ya Kawambwa ng'ambo ya Luapula, yametengenezwa kwa mashine ya kukata, kurarua na kuviringisha ambayo William McKercher aliibuni huko Assam katika miaka ya 1930. Matokeo yake ni punje ndogo ngumu, si majani marefu. Mabuli mengi ya kioo yamebuniwa kwa majani makubwa ya Kichina: chujio lake ni mrija wa kioo wenye mipasuko, au waya wa springi uliochomekwa ndani ya mdomo. Mimina chai yetu humo, uone. Punje hupita kwenye mipasuko kama hakuna kizuizi, na springi hujaa mpaka chai inadondoka tone kwa tone huku kifuniko kikivuja pembeni. Linalofaa ni chujio la chuma kisichoshika kutu, lenye matundu madogo sana, linalonyanyuliwa kwa mkono mmoja na kuacha kifuniko kikikaa sawasawa juu ya buli. Liwe pana, kwa kuwa majani yakilowa huvimba na maji lazima yapite katikati yake. Deogratius Jaganyi, mkemia ambaye baadaye aliongoza Chuo Kikuu cha Mount Kenya nchini Kenya, aliwahi kuchunguza vifuko vya chai alipokuwa akifundisha Afrika Kusini, akakuta kwamba kifuko hupunguza kasi ya kafeini kutoka kwenye majani. Chujio jembamba lililoshindiliwa majani halina tofauti kubwa na kifuko. Na angalia kina chake: chujio fupi katika buli kubwa halifikii maji pale unapotaka vikombe viwili tu.

Kuhusu kioo chenyewe, neno la kutafuta kwenye kasha ni borosilicate. Kioo hicho kilibuniwa na Otto Schott mjini Jena, Ujerumani, mwishoni mwa karne ya 19, na mjini humohumo Wilhelm Wagenfeld alisanifu mwaka 1931 buli la kioo ambalo mengi ya leo yanaliiga. Siri yake ni boroni: kioo cha kawaida kikipata joto hutanuka karibu mara tatu zaidi ya hiki. Ndani kukitanuka kabla ya nje, ufa hutokea. Wauzaji hupenda kusema kioo chao kimeimarishwa, na huenda ni kweli, lakini kioo cha kawaida kilichoimarishwa hustahimili kugongwa vizuri kuliko kinavyostahimili maji yanayochemka asubuhi ya baridi. Hata borosilikati usiiweke juu ya mbabula. Makaa hayatoi joto sawa kila upande, na chombo kinachopata moto mkali sehemu moja tu hupasuka hatimaye.

Kuna pingamizi jingine, nalo ndilo zito kuliko yote: kwamba sisi huchemsha chai sufuriani pamoja na maziwa, sukari na tangawizi, buli la kioo la nini? Anayeipenda chai hiyo asinunue. Chai ya kuchemsha ina utaratibu wake na haihitaji kutazamwa. Buli hili ni la chai isiyo na maziwa, ambayo rangi yake ina maana. Wengine hulalamika kwamba kioo hudhihirisha uchafu, nami nahesabu hilo kuwa sifa. Sehemu kubwa ya kusini mwa Katanga imekaa juu ya miamba ya dolomia, na maji ya visima katika miamba hiyo hubeba kalisi. Mwaka 1993, Jaganyi huyohuyo pamoja na Michael Spiro wa London walieleza katika jarida la Nature kwamba utando unaoelea juu ya chai hutokana na kalisi na bikaboneti za maji zikikutana na viungo vya chai na hewa. Tone la limau huuzuia, na chai nzito huwa na utando mdogo kuliko nyepesi. Katika kauri ya rangi utando huo hugandamana ukutani miezi kadhaa bila mtu kujua. Katika kioo unauona siku ya pili, unasugua kwa siki, yamekwisha.

Mwisho ni ukubwa. Nyumba ya watu wengi huvutwa na buli la lita moja na nusu, lenye kibao cha mshumaa chini yake. Mshumaa ni mzuri baada ya majani kutolewa; yakiwa bado ndani, unaendelea kuyapika. Afadhali buli la mililita 800 linalojazwa mara mbili, kila mara kwa majani mapya na maji yaliyotoka kuchemka. Maji yenyewe, ya bomba, ya kisima na ya chupa, tutayajadili wiki ijayo.