Mchango wa Manahodha katika Kukomesha Uvuvi Haramu: Mfano wa Kisite na Mpunguti

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Methali hii imesimama juu ya imani kuwa bahari haiishiwi riziki. Uvuvi haramu unaitia imani hiyo mashakani. Makala haya yanaeleza jinsi wenye vyombo vya baharini wanavyoweza kusaidia kuvilinda viumbe vya majini. Hoja yetu ya msingi ni kwamba silaha ya nahodha ni ushuhuda wala si nguvu, na kwamba ushuhuda huo hufaa pale tu unapotaja mambo kwa majina yake halisi.

Kuijua mipaka

Kusini mwa kisiwa cha Wasini, katika Kaunti ya Kwale, kuna maeneo mawili yanayopakana. Kisite, lenye takriban kilomita 28 za mraba, ni mbuga ya kitaifa ya baharini, na humo haruhusiwi mtu yeyote kuvua. Mpunguti, lenye takriban kilomita 11 za mraba, ni hifadhi ambamo uvuvi wa kijadi, kama vile wa mshipi na malema, unaruhusiwa. Vyombo vinavyotoka Shimoni kuwapeleka wageni kutazama pomboo na matumbawe hufika katika maeneo haya, nayo bahari haina ukuta wa kuyatenga. Mvuvi anayetega malema kihalali Mpunguti huwa amevunja sheria akiyatega Kisite. Kwa hivyo, wajibu wa kwanza wa nahodha ni kuijua mipaka, kwa ramani na kwa kifaa cha kuonyesha mahali, ambacho siku hizi kimo hata katika simu ya mkononi.

Kuzitambua zana

Wajibu wa pili ni kuzitambua zana. Mwaka 2001 serikali ya Kenya ilipiga marufuku juya la kukokota pamoja na bunduki za kuvulia samaki. Juya hukokotwa chini ya bahari likang'oa nyasi za baharini na kuvunja matumbawe. Aidha, kwa kuwa macho yake ni madogo, huzoa samaki wachanga ambao hawajawahi kuzaa. Hasara hii hairekebishiki upesi, kwani yapo matumbawe ambayo hukua kwa kadiri ya sentimita 1 tu kwa mwaka. Jarife ni wavu wa namna nyingine: hutegwa, halikokotwi. Shahidi aliyeona jarife akaripoti juya huweza kumtia matatani mtu asiye na hatia.

Kutoa ushuhuda

Tuchukulie kwamba nahodha ameona jambo la kutiliwa shaka. Akisema tu kwamba "kuna watu wanaharibu bahari huko nje," askari hawana pa kuanzia. Yafaa ataje tarehe na saa, mahali kwa vipimo au kwa jina la mwamba, aina ya chombo, iwe ni mtumbwi, dau, ngalawa au mashua ya mashine, nambari ya usajili ikiwa inaonekana, zana iliyotumika, idadi ya watu, na upande walikoelekea. Picha ikipigwa, na ipigwe kutoka mbali. Nahodha asiwafukuze wala asigombane nao, kwa sababu amebeba dhamana ya roho za abiria wake.

Taarifa hiyo ipelekwe kwa askari wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, ambalo ndilo linalosimamia mbuga na hifadhi hizi, au kwa kikundi cha usimamizi wa ufuo kilicho karibu. Pia kuna Walinzi wa Pwani, idara iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2018.

Ikumbukwe kwamba asili ya mvuvi si ushahidi. Wapemba wanaoishi katika pwani ya Kenya walikaa miaka mingi bila uraia, hadi walipotambuliwa rasmi mwaka 2023. Taarifa ieleze kilichotendwa na chombo kilichotumika, isieleze kabila la mtendaji.

Mwenendo wa nahodha mwenyewe

Isitoshe, mlinzi naye hana budi kujilinda asiwe mharibifu. Nanga isitupwe juu ya matumbawe. Pomboo wasifukuzwe ili kuwafurahisha wageni. Samaki waliovuliwa kwa juya wasinunuliwe baharini, kwani mnunuzi ndiye anayelipa gharama ya safari ijayo ya mvuvi haramu. Kipande cha wavu kinachoelea kiokotwe na kuletwa pwani, kwa maana wavu uliotupwa hauachi kunasa. Kasa hupumua hewa. Akinaswa chini ya maji hufa kwa kukosa pumzi.

Hitimisho

Tumeona kwamba nahodha anayeijua mipaka na zana, na anayejua kueleza alichokiona, huisaidia sheria bila kumdhulumu mvuvi mdogo. Hapa pana kazi pia kwa wanafunzi wa Kiswahili. Majina ya nyavu, vyombo na miamba yamo vinywani mwa wazee wa Wasini, Vanga na Shimoni, na mengi hayapatikani katika kamusi. Tukiyakusanya na kuyafafanua, tutakuwa tumewapa manahodha na askari lugha moja ya kuelewana. Upwa utaendelea kumpa mgaagaa kitoweo iwapo tu watu watakaoulinda wapo.