Somo la Sheria Lianzie Kipevu

Somo la utangulizi wa sheria nililolionja chuoni kabla sijaacha lilikuwa Kilatini tupu na kesi za Waingereza. Ningepewa chaki mimi, ningeanza na vijana wa trela hapa Kipevu.

Mwaka 2019 serikali iliagiza kontena za bara zipande SGR. Dereva akakosa safari, tanboi akahamia kijiweni, mama mahamri akarudi nyumbani na beseni limejaa. Sera ya umma ndiyo hiyo, wala huhitaji kitabu.

Watu wakaenda kortini. Novemba 2020 Mahakama Kuu ya Mombasa ikaamua agizo limekiuka Katiba, maanake wananchi hawakushirikishwa. Majaji hawakusema treni ni mbaya. Walisema mlifaa kuuliza kwanza. Kifungu cha 10 hicho, soma mwenyewe.

Lakini shughuli za kutoa mizigo zilitangazwa kurudi Mombasa Septemba 2022, Ruto alipoapishwa. Sasa, ni kesi iliyozirudisha ama ni kura? Mimi nasema kura. Wakili mmoja mtaani kwetu anasema bila kesi hakuna mwanasiasa angeahidi. Tumebishana hadi chai ikapoa.